Ngome za magogo za walowezi kule Marekani: watu waliishije mle ndani, walikula nini?

KijanaWaSokomatola (Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Naomba kuelimishwa na wanaoijua historia. Nimekuwa nafuatilia habari za walowezi wa Kiingereza walivyoanza kukaa Marekani miaka ya 1600 na 1700, kila ukisoma unakutana na ngome, yaani uzio wa magogo yaliyochongwa ncha juu, ndani vibanda, nje msitu na wenye ardhi yao ambao hawawataki. Sasa kila habari inaeleza vita tu, nani kampiga nani, jemadari fulani kaja na askari wangapi, basi imeisha. Mimi nataka yale mengine. Asubuhi wakiamka wanakula nini, maji wanachota wapi kama adui kalala nje ya lango, baridi ya kule ambayo mpaka mito inaganda walikuwa wanaipitishaje, wakiugua inakuwaje, choo je. Na wanawake na watoto walikuwa wanafanya nini muda wote huo maana kwenye hizo habari hawaonekani kabisa.

Nauliza pia kwa sababu huku kwetu tuna Kalenga, ngome ya chifu Mkwawa wa Wahehe, tuna maboma ya Wajerumani Tukuyu na Iringa, na hayo nayo tumefundishwa tarehe za vita tu. Mwenye kujua atiririke, hata ikiwa ndefu nitasoma yote.

MwalimuKihesa (Iringa)

Kamwene kijana. Naanza na maji, maana ndiyo yaliyowatesa watu kuliko bunduki.

Ila kwanza utofautishe. Kulikuwa na ngome za jeshi, hizo zina kamanda, ghala na posho inayojulikana. Askari wa Mwingereza miaka ya 1750 posho yake ya wiki ilikuwa unga au mkate ratili 7, nyama ya ng'ombe ratili 7 au ya nguruwe ratili 4, njegere kavu, siagi kidogo na mchele kidogo. Ratili 7 ni kilo 3 na ushee. Kwenye karatasi inaonekana chakula cha kutosha, lakini nyama yenyewe ni ya kwenye pipa la chumvi, imesafirishwa miezi, na theluji ikifunga njia hakuna kinachofika. Halafu kulikuwa na ngome za raia, majirani wamejikusanya, vibanda vimepangwa mstatili, migongo ya vibanda ndiyo ukuta, na penye pengo wamesimika magogo. Mapaa yanainamia ndani ili mtu akipanda kuzima moto asionekane na walioko nje. Hizi ndizo nadhani unaziulizia.

Sasa maji. Hizi ngome za raia nyingi zilijengwa haraka haraka, mtu anachagua kilima kizuri cha kuona mbali, na chemchemi inabaki nje chini ya mteremko. Siku za amani hakuna shida. Chukua Bryan Station, Kentucky, karibu na Lexington ya leo, Agosti 1782, wakati huo Wamarekani wanapigana na Mwingereza na makabila mengi yako upande wa Mwingereza. Wapiganaji kama 300 wa Wyandot, Shawnee na wengine wameizunguka usiku, wamejificha. Ndani kuna wanaume 40 na kidogo, na maji hakuna. Waliomo ndani wameshashtuka kwamba wamezungukwa, ila adui hajui kama wameshtuka. Ukiwatuma wanaume kuchota, adui anaelewa hapohapo, kwa sababu kila asubuhi wanaochota ni wanawake.

Basi wakaenda wanawake na wasichana kama kawaida yao. Masimulizi ya kule yanasema aliyetangulia alikuwa Jemima Johnson, mama aliyeacha watoto wadogo ndani. Wameteremka na ndoo wanaongea mambo yao, wanajua kabisa vichakani kuna mitutu imewaelekea, wamechota kwa zamu pale chemchemini mpaka wa mwisho, wamejitwisha wamepanda kilima. Hakuna aliyekimbia mpaka walipokaribia lango, hapo wale wasichana wadogo ndio wakaanza kusukumana waingie na maji yakamwagika kidogo. Adui hakupiga risasi kwa sababu alitaka kuwavizia wanaume. Maji hayo ndiyo yaliyozimia mishale ya moto ilipoanza kutua kwenye mapaa, na ngome haikuanguka. Mwaka 1896 wanawake wa Lexington wakajenga ukuta wa kumbukumbu kuzunguka ile chemchemi. Kijana umeuliza wanawake walikuwa wanafanya nini, mimi nakwambia pale bila wao ngome isingefika jioni.

Na pale ambapo maji yalikuwa karibu nako kulikuwa na balaa lake. Harrodsburg hukohuko Kentucky chemchemi ilikuwa chini ya ngome, na William Fleming aliyefika kipindi cha baridi kali ya 1779 kuingia 1780 ameandika kwamba uchafu wote wa ngome, mizoga ya mbwa na farasi, mavi ya ng'ombe na nguruwe na ya watu, vyote vinateremka na kuingia kwenye maji yaleyale wanayokunywa. Hapo umepata jibu la choo na la kuugua kwa pamoja. Kuhara damu na homa ya matumbo viliwamaliza watu ambao hawakuwahi kumwona adui hata mmoja.

Chakula nitagusa kidogo tu kisha niwaachie wengine. Kule New Hampshire kwenye mto Connecticut kulikuwa na ngome inaitwa Namba 4. Aprili 1747 kapteni Phineas Stevens yumo na watu 30, Wafaransa na washirika wao wenyeji wakawazingira siku tatu wanajaribu kuichoma. Waliomo ndani wakachimba mitaro kupita chini ya ukuta ili mtu ajipenyeze amwagie maji upande wa nje bila kupigwa risasi. Mwisho wa yote njaa ikawabana waliozingira, wakatuma watu waje waombe kuuziwa mahindi ili waondoke! Stevens akakataa kuuza, akasema mahindi atayatoa kwa kubadilishana na mateka. Wakapiga risasi chache wakaondoka zao. Kwa hiyo mwenye ghala la mahindi ndiye aliyeshinda siku ile.

MamaVwawa

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa mahindi na kahawa huku Mbozi, historia naisoma kwa kupenda tu, hasa ya zao la mahindi maana ndilo linalonilisha na lilitoka hukohuko Marekani kwa wenyeji wa kule. Naomba niongezee hapo kwenye chakula.

Wale walowezi walipofika hawakuzoea kulima mahindi, wao ni watu wa ngano, na ngano kwenye shamba lililofyekwa juzi lenye visiki haistawi vizuri, mahindi unachimba shimo katikati ya visiki unatia mbegu inaota. Wenyeji walikuwa wanapanda mahindi, maharage na maboga pamoja kwenye tuta moja, haragwe linapanda kwenye bua la hindi, majani ya boga yanafunika ardhi unyevu haupotei na magugu hayapati nafasi. Huku kwetu bibi zetu walipanda hivyohivyo na wengi bado tunapanda, ndiyo maana nilivyosoma nilifurahi sana. Na kule kwa wenyeji wa mashariki wanaolima walikuwa wanawake, kwa hiyo ujuzi huo wote ni wa wanawake wa Kihindi Wekundu kama tulivyozoea kuwaita. Kule Plymouth mwaka 1621 ni mtu mmoja mwenyeji anaitwa Tisquantum ndiye aliyewaonyesha namna ya kupanda na kufukia samaki kama mbolea, na hapo nusu ya wale watu 102 waliokuja na meli walikuwa wameshakufa kipindi cha baridi. Na kabla ya hapo, Novemba 1620 walipofika tu, walikuta mahindi ya wenyeji yamefukiwa ardhini kwenye vikapu, akiba ya mbegu za watu, wakayachukua. Wewe mkulima fikiria mtu akuchukulie mbegu.

Sasa mapishi. Asubuhi uji wa mahindi, mchana uji mzito au mkate wa mahindi uliokaushwa kwenye ubao mbele ya moto, jioni hivyohivyo na kipande cha nyama ya porini au nguruwe kama ipo, na maziwa kama ng'ombe hajaibiwa. Kusaga ndiyo ilikuwa kazi. Kwenye ngome za ndani ndani hakuna kinu cha maji, kwa hiyo walichukua kisiki cha mti mgumu wakakichimba katikati kwa moto kikawa kinu, halafu mchi mkubwa wanaufunga kwenye mti mchanga uliopindwa, ukivuta chini kutwanga ule mti unaunyanyua tena wenyewe. Nilipoona picha ya kile kitu nilitamani kingekuwepo enzi za mama yangu, angepona mabega. Mahindi yakiwa bado hayajakauka sawasawa waliyakwangua kwenye bati lililotobolewa kwa misumari.

Na jambo kubwa zaidi ni majivu. Wenyeji walichemsha mahindi kwenye maji ya majivu mpaka ganda linavuka, wanaosha wanapika kama kande. Ile majivu inafungua vitamini iliyofungwa ndani ya hindi, mtu akila mahindi matupu bila kufanya hivyo miaka na miaka anapata pelagra, ngozi inababuka, anaharisha, akili inavurugika. Walowezi walijifunza ule upishi, ila baadaye vinu vya kisasa vilipokuja watu wakauacha, na miaka ya 1900 mwanzoni maskini wa majimbo ya kusini walikufa wengi kwa pelagra wakati mahindi wanayo.

Majivu hayohayo ndiyo sabuni, wanachuja maji yake wanachemsha na mafuta ya nguruwe. Nguo nazo, Kentucky miaka ya mwanzo hakuna pamba wala kitani ya kutosha, wanawake wakawa wanaokota mabua ya upupu yaliyooza kwa theluji wanatoa nyuzi, wanachanganya na manyoya ya nyati wa kule, wanasokota wanafuma. Na kukamua ng'ombe nje ya lango asubuhi, mwanaume kasimama na gobole pembeni. Julai 1776 binti yake Daniel Boone, kiongozi wa walowezi wa Kentucky, anaitwa Jemima na wenzake wawili walitekwa kwenye mtumbwi mtoni karibu kabisa na ngome ya Boonesborough, njia nzima wakawa wanavunja vijiti na kudondosha vipande vya nguo ili wafuatwe, na kweli baba zao wakawafuata wakawapata wazima.

KijanaWaSokomatola (Mbeya)

Asanteni sana mwalimu na mama, ndaga fijo. Hiyo ya majivu na vitamini sikuwahi kuisikia. Bado sijaelewa baridi, na pia huyo nguruwe na nyama ya porini wanaihifadhije bila friji miezi yote?

MbaoNjombe

Kwenye baridi niacheni mimi mkuu, huku Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba tunaamka majani meupe kwa barafu na bado yetu ni cha mtoto, kule theluji inakaa miezi na mto unaganda mpaka unapitisha farasi.

Mimi ni mtu wa mbao naangalia ile ngome kwa jicho la mbao, kitu cha kwanza gogo bichi ukilichimbia ardhini halikai, sisi hapa nguzo za milingoti zinazotoka Mufindi za umeme lazima zipigwe dawa kwanza la sivyo miaka michache tu pale pale usawa wa ardhi zinaoza zinakatika, sasa wale hawana dawa, kwa hiyo uzio wao ulikua unaoza toka siku unasimikwa na kila baada ya miaka kadhaa wanaanza upya, na mahali palipokaa na amani miaka miwili mitatu watu walikua wavivu kubadilisha magogo ndo adui akija anakuta ukuta unatikisika. Halafu pembeni wanajenga kibanda cha ghorofa, ghorofa ya juu imetokeza nje kuliko ya chini, sakafuni ina matundu, adui akisogea ukutani unampiga kutoka juu. Kazi nzuri ya mafundi wa shoka tu, misumari ilikua adimu, ma gogo yanakatwa mashavu kwenye kona yanaumana yenyewe.

Ndani ya kibanda sakafu ni udongo, nafasi kati ya gogo na gogo wanakandika udongo na vipande vya miti, bomba la moshi nalo ni fito zimekandikwa udongo na likishika moto wanalisukuma kwa miti lianguke mbali na nyumba. Moto hauzimwi usiku wala mchana, na hapo ndo shida inapoanza maana kuni zinakwisha, miti yote ya karibu wameshaikata makusudi ili adui asipate pa kujificha, kwa hiyo kila mwaka kuni ziko mbali zaidi na ukienda kukata ndo unaviziwa. Ile baridi ya 1779/80 aliyoitaja mwalimu mifugo ilikufa imesimama, mpaka wanyama wa porini walikufa, bei ya mahindi ikapanda watu wakawa wanakula nyama ya farasi na ng'ombe waliokufa kwa baridi.

Ugonjwa wa baridi ni kiseyeye, miezi minne mitano hakuna mboga wala tunda, fizi zinavimba zinatoa damu, meno yanalegea, kidonda cha zamani kinafumuka upya. Kwenye ngome za jeshi walikua wanatengeneza pombe kwa kuchemsha matawi ya msprusi, huo ni mti jamii ya mpaini, na molasi, kila askari anapewa kwa siku, ilisaidia. Dawa ya majani ya mti kwa kiseyeye Wafaransa waliipata kwa wenyeji wa Kanada toka 1536, kina Jacques Cartier wameshaanza kufa wenyeji ndo wakawaonyesha mti. Angalia sasa, mahindi wameonyeshwa, dawa wameonyeshwa.

Mdau_Kalenga

Nimesoma yote, mmeeleza vizuri, lakini naona moyo wa mada unaegemea sana kwa waliomo ndani ya uzio. Mimi nimezaliwa hapa Kalenga, ng'ambo tu ya Ruaha Mdogo, najua hadithi ya ngome ikisimuliwa na nani inabadilika. Hapa aliyekuwa ndani ni Mkwawa na watu wake, ukuta wa mawe, na waliokuja na mizinga Oktoba 1894 ni Wajerumani wa von Schele. Kule Marekani aliyekuwa ndani ni mgeni na mwenye nchi yuko nje. Kwa hiyo tukisema "adui kalala nje ya lango" tukumbuke huyo adui shamba lake ndilo limejengwa ngome.

Jamestown, kule Virginia, ndiyo inaonyesha wazi. Walifika Mei 1607, wanaume na wavulana 104, wakajenga ngome ya pembe tatu kwenye mto, mahali penye mbu na maji ambayo kiangazi yanakuwa ya chumvi chumvi. Januari iliyofuata wamebaki 38. Walikuja katikati ya ukame mkubwa, wataalamu wamesoma pete za miti wakaona miaka ile 1606 mpaka 1612 ilikuwa mikavu kuliko kipindi chochote karibu miaka 800. Kwa hiyo hata Wapowhatan, wenyeji wa pale, mahindi hayakuwatosha, halafu wageni wanakuja kudai, mara kwa biashara mara kwa mtutu, wakikataliwa wanachoma vijiji. Chifu wao Wahunsenacawh alivyochoka, mwishoni mwa 1609 akawafungia humo humo ndani, anayetoka kutafuta chakula anauawa. Walikuwa kama 300, masika ya 1610 wamebaki kama 60. Walikula farasi, wakala mbwa na paka, panya, nyoka, ngozi za viatu. Mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipata pale fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka kama 14, una alama za kisu, aliliwa baada ya kufa. Hakuna anayejua jina lake halisi. Yule mtoto alikuja na meli miezi michache tu nyuma, hakuchukua ardhi ya mtu, lakini amelipa yeye.

Juni 1610 waliobaki wakapanda meli waondoke moja kwa moja, wakakutana mtoni na meli za Lord De La Warr zinaingia na chakula na watu wapya, wakarudishwa. Saa chache zingepita wangekuwa wameshaacha. Mimi hiyo naiona ndiyo siri ya zile ngome, zilidumu kwa sababu meli ziliendelea kuja na watu wapya kuziba nafasi za waliokufa. Mkwawa hakuwa na meli ya kumletea watu. Kalenga ilipoanguka akaingia porini, akapigana miaka minne kwa msaada wa wanavijiji waliomficha na kumlisha, mpaka Julai 1898.

MwalimuKihesa (Iringa)

Mdau, nakubaliana nawe kuhusu ardhi, na wanafunzi wangu huwa nawaambia wasome ngome kutoka pande zote mbili za ukuta. Hapo kwenye meli tu nitakupinga kidogo. Kentucky iko ndani sana, milima imeikata na pwani, Boonesborough Septemba 1778 ilizingirwa na chifu Blackfish wa Shawnee siku zaidi ya tisa na hakuna meli wala askari waliofika kuwaokoa kwa wakati. Waliokolewa na mvua. Wazingiraji walikuwa wanachimba handaki kutoka kingo za mto kuelekea ukutani, mvua ikanyesha handaki likabomoka, na moto uliotupwa kwenye mapaa ukazimwa na mvua hiyohiyo.

Kijana uliuliza nyama inahifadhiwaje. Chumvi na moshi. Nyama ya nyati na ya kulungu walikata vipande vyembamba wakakausha juu ya moto, nguruwe akachinjwa baridi ikianza, akapakwa chumvi akaning'inizwa kwenye moshi. Bila chumvi nyama yote inaoza, na chumvi ya kununua inavushwa milimani kwa farasi, bei haishikiki. Ndiyo maana Januari 1778 Boone alitoka na wanaume kama 30 kwenda Blue Licks, chemchemi za maji ya chumvi, wakakaa wiki kadhaa wanachemsha maji kwenye masufuria makubwa usiku na mchana. Maji yale chumvi yake ni hafifu, unachemsha mamia ya galoni upate debe moja na kidogo. Februari Washawnee wakamkamata Boone akiwinda, na ili ngome isishambuliwe ikiwa na wanawake na watoto na wanaume wachache akawashawishi wenzake wajisalimishe bila kupigana. Wakachukuliwa wote waliokuwepo pale. Wengine walikaa mateka miaka, wengine hawakurudi kabisa. Yote hayo kwa ajili ya chumvi.

MamaVwawa

Mwalimu hapo kwenye chumvi umenikumbusha Ivuna, kule chini bonde la Rukwa, siku hizi wilaya ya Momba. Chemchemi za chumvi zipo na watu walikuwa wanachuja ule udongo na kuchemsha maji kwenye vyungu toka zamani sana kabla ya Mjerumani, na chumvi inapandishwa huku milimani kubadilishana na chakula. Kwa hiyo kijana ukitaka kuona ile kazi ya Blue Licks ilivyokuwa usiende mbali. Kuna wazee wa mume wangu wana ndugu huko, nitawauliza ni kuni kiasi gani zilikuwa zinakwenda kwa chungu kimoja na nani aliyekuwa anakaa kuchochea usiku, nikipata jibu nitaandika hapahapa.